Bodi Yenye Taa

Tuire Pasanen aliendesha basi mjini Kuopio mpaka macho yake yalipogoma. Yalianzia pembeni, kama mtu anayefunga mapazia polepole pande zote mbili za dirisha, na daktari akamwambia bila kuzungukazunguka kwamba mapazia hayo hayatafunguliwa tena. Akarudisha funguo za basi, akajifunza kutembea na fimbo nyeupe, akazoea kushikwa mkono na watu asiowaomba. Kwenye ngazi za jengo lao majirani walimwambia, kila mmoja kana kwamba ndiye wa kwanza kuligundua jambo hilo: "Una bahati, Tuire. Una mume wa dhahabu."

Mume huyo wa dhahabu aliitwa Raimo. Alikuwa fundi bomba, mkubwa wa mwili na mpole wa sauti, na tangu mkewe apofuke, miaka mitatu sasa, alikuwa akimtandikia nguo kitandani kila asubuhi, soksi zikiwa zimeshakunjuliwa tayari kuvaliwa. Alimpakia siagi kwenye mkate. Alimkatia nyama. Simu ikiita aliipokea yeye, akasema, "Tuire yuko salama, anapumzika," hata kama Tuire amesimama kando yake na mkono ameunyoosha. Raimo alikuwa mtu mwema, na shida yenyewe ilikuwa hapo. Mtu mbaya unaweza kumtukana ukalala usingizi mzuri. Mtu mwema ukimfokea, unageuka wewe kuwa mchawi.

Majira ya vuli Tuire alipata kazi. Zahanati moja ilikuwa ikimtumia sauti za madaktari, naye akizigeuza kuwa maandishi akiwa nyumbani. Kazi aliipenda, ila kompyuta ilimtia wazimu. Ilikuwa laptopu ya zamani aliyoachiwa na Raimo, na ile programu ya kumsomea skrini kwa sauti ilikuwa na kigugumizi humo. Jina la dawa lilifika nusu, likakwama, halafu likamwagika lote kwa mkupuo.

"Jumamosi nitakununulia mpya," Raimo alisema.

"Hapana. Nataka kuiunda mwenyewe. Ya mezani."

Raimo alicheka. Hakucheka kwa ubaya, alicheka kama mtu anayemcheka mtoto aliyesema atajenga meli. "Utaiunda na nini, mpenzi?"

"Na mikono," Tuire alisema. "Bado ninayo."

Mwalimu wake alikuwa mtu wa Turku aitwaye Vilppu, asiyeona tangu kuzaliwa, ambaye walifahamiana kwenye mazungumzo ya simu ya chama cha wasioona. Vilppu alikuwa ameunda kompyuta nyingi kuliko alivyooa, na alikuwa ameoa mara tatu. Hakuwa na huruma hata chembe, na kwa hilo Tuire alimpenda.

"Kwanza unachagua prosesa, ubongo wa mashine, halafu unaitafutia nyumba," Vilppu alimwambia. "Nyumba yake ni soketi, kwenye bodi, lile bao linalounganisha vitu vyote. Ni kama kiatu, bibi wee. Namba ni namba. Asije mtu akakwambia kinabana leo lakini kitaachia ukikivaa. Hakiachii."

"Nimeelewa."

"Hujaelewa, subiri. Prosesa yako hiyo hiyo moja ina bodi za aina mbili. Moja inakula RAM za zamani, vile vijiti vya kumbukumbu, nyingine inakula mpya. Majina ya bodi yanafanana kama mapacha. Hapo ndipo watu wazima wanapolia."

"Na nitazitofautishaje, mimi nisiyesoma boksi?"

"Kwa kidole. Kijiti cha RAM kina pengo dogo kwenye ukingo wenye meno. La mpya na la zamani hayakai sehemu moja. Kikikataa kuingia, usisukume. Ukisukuma, utanunua vyote upya."

Kisha akamwambia lile la tatu, na akalisema bila utani. Kompyuta ikigoma kuwaka, bodi nyingi za siku hizi humwonyesha mwenye macho kitaa chekundu au namba ndogo, ajue kinachoumwa ni nini. "Sisi watatuonyesha nini? Tafuta bodi yenye vipini vinne vya kuchomekea spika ndogo. Hiyo ikiumwa inalia. Mlio mrefu ni RAM, mfupi mmoja, mashine ni nzima. Bila hiyo utakaa mbele ya boksi lililokufa, na itabidi umwite mtu akutazamie."

Tuire alilishika neno hilo kuliko yote. Majira yote ya baridi, theluji ikirundikana kwenye kibaraza, alikaa na simu sikioni akiisikiliza ikimsomea vipimo vya vitu dukani. Aliipata bodi moja nzuri, ikawa inakula RAM za zamani, akaitupilia mbali. Akapata nyingine, haina mahali pa spika. Akapata ya tatu. Soketi ndiyo, RAM ndiyo, vipini vinne vipo, upande wa chini karibu na kona. Alifurahi mpaka akapiga meza. Umeme akauhesabu na kuuongezea akiba. Kasha la chuma la kufungia vyote ndani akachagua dogo. Kipoza cha prosesa akachagua kikubwa, chenye feni pana inayozunguka taratibu, kwa sababu yeye sasa aliishi kwa masikio na hakutaka mashine ya kumngurumia siku nzima.

"Hicho kipoza umekipima?" Vilppu aliuliza.

"Nimesoma kila kitu. Usinifundishe kusoma."

"Haya, profesa."

Na Raimo alipopita nyuma yake akauliza, "Umefika wapi?" Tuire alimjibu kwa maneno ambayo Raimo hakuyajua. Ilikuwa tamu. Tangu macho yafunge, hicho kilikuwa kitu cha kwanza kwenye nyumba ile ambacho yeye alikijua na mumewe hakukijua.

Aliagiza vitu vyote kwa simu kwenye duka moja la mjini, akataja jina lake, akasema atakuja mwenyewe kuvichukua. Ujumbe wa kwamba viko tayari uliingia kwenye simu zake zote mbili, mpya na ya zamani, siku aliyokuwa na miadi ya macho hospitalini. Akapanga kwenda kesho yake. Alishajua atavaa nini, atashuka kituo gani, atasema nini kaunta. Lakini aliporudi kutoka hospitalini Raimo alikuwa mlangoni, ananuka theluji na petroli, mikono imejaa maboksi.

"Nimekuletea!" alisema. "Umeacha simu yako ya zamani mezani, nikaona ujumbe. Nikasema barabara ni barafu tupu, kwa nini aende kuhangaika?"

Tuire alisimama na koti lake. "Asante," alisema.

"Utaona," Raimo alisema kwa furaha, halafu akajisahihisha haraka, "yaani, utasikia. Utafurahi tu." Akambusu kichwani, akaenda kazini.

Alipobaki peke yake Tuire alitandika taulo kwenye meza ya jikoni, akafungua maboksi moja moja. Prosesa, sawa. RAM, sawa. Akaitoa bodi kwenye mfuko wake, akaipitishia vidole kama mtu anayepapasa uso wa ndugu aliyempoteza siku nyingi. Aliijua bodi ile kwa moyo. Alikuwa amesomewa kila kona yake mara zisizo na idadi.

Hii hakuijua.

Kwenye ukingo kulikuwa na vipande vya plastiki laini, vinateleza kama peremende. Akashuka kwenye kona ya chini kutafuta vipini vinne. Akakuta viwili, akakuta tisa pamoja, akakuta sehemu tupu. Akarudia. Akageuza bodi, labda ameishika juu chini. Akachukua kijiti cha RAM, akakilaza juu ya mfereji wake bila kusukuma, akatafuta kwa ukucha pengo na kile kigingi kidogo kinachopaswa kuingia humo. Havikukutana. Akakigeuza kijiti upande wa pili. Havikukutana.

Akaelekeza kamera ya simu kwenye boksi. Sauti ya simu, isiyo na haraka wala aibu, ikamsomea jina ambalo yeye hakuliagiza, ikamsomea kwamba RAM ni za aina ya zamani, kisha ikamalizia: rangi milioni kumi na sita za taa.

Raimo aliporudi, Tuire alikuwa bado amekaa palepale. Hakuwa amepika wala kuvua viatu.

"Raimo, hii si bodi yangu."

"Umegundua!" Sauti ya Raimo ilikuwa imechangamka. "Kijana wa dukani alisema hii ni nzuri zaidi ya ile, na wameipunguzia bei. Ina taa, Tuire! Zinabadilika zenyewe. Mara bluu, mara zambarau..."

Friji ikanguruma, ikanyamaza.

"Taa," Tuire alisema.

Raimo naye alikuwa ameyasikia maneno yake. "Nilimaanisha... ningeziona mimi. Na wageni."

"Wageni gani? Lini mara ya mwisho umeona mgeni amekuja kutazama kompyuta yangu?"

"Basi, samahani. Nitairudisha."

"Ile niliyoagiza ilikuwa na mahali pa spika. Ikiharibika inanililia, najua kinachoumwa. Hii inawaka taa. Ikifa, mimi nakaa hapa kama gunia nakusubiri wewe utoke kwenye mabomba ya watu uje unisomee taa! Na RAM haziingii. Hata zisingekuwepo taa, haziingii!"

"Mimi ningejuaje hayo?"

"Ungeniuliza!"

"Ulikuwa hospitali."

"Nina simu, Raimo! Inapokelewa kwa sikio! Sikio ninalo, mawili!"

Alikuwa amesimama, na kiti kilikuwa kimeanguka nyuma yake. Alimsikia Raimo akiinama kukiinua.

"Kiache!"

Raimo akakiacha. "Unapiga kelele kwa sababu ya kipande cha plastiki," alisema, na sasa sauti yake nayo ilikuwa imeanza kukwaruza.

"Napiga kelele kwa sababu ya soksi! Ya siagi! Ya yule mama wa benki aliyekuuliza wewe kama mimi ninatumia maziwa kwenye kahawa, na wewe ukamjibu! Ulimjibu, Raimo! Mimi nimekaa hapo hapo nina mdomo! Majira yote ya baridi nilikuwa na kitu kimoja. Kimoja tu! Nimekichagua mimi, nimekipatanisha mimi, kila kitu na mwenzake. Umeingia dukani kidogo tu, umekivuruga, halafu unarudi unataka busu."

"Na mimi je?" Raimo alisema. Hakuwa akipiga kelele, ila kila neno lilitoka kama limeng'olewa. "Wewe watu wanakuuliza unaendeleaje. Mimi wananiita dhahabu. Dhahabu haiulizwi kama imechoka. Naamka kabla yako, nalala baada yako, kazini nawaza kama umeunguza mkono. Nimeona taa zinapendeza, nikafurahi kidogo, basi. Nilijisahau. Nilisahau kama huoni. Hilo nalo ni kosa?"

Jambo hilo lilimgonga Tuire, lakini hasira zilikuwa zimeshashuka mlima na hazikuwa na breki. "Basi choka!" alimjibu. "Choka, kaa chini, uniache nimwage maziwa yangu! Nani alikwambia usichoke?"

Raimo alichukua koti lake, akatoka. Mlango haukubamizwa. Hata hilo lilimuudhi Tuire. Alikula mkate wa samaki uliokuwa umebaki, kwa mkono, akaenda kulala bila kumsikia mumewe akirudi.

Asubuhi hakuzigusa nguo zilizokuwa kitandani. Alifungua kabati, akavaa alichokipata, akaitia ile bodi na boksi lake kwenye begi la mgongoni, akachukua fimbo. Raimo alikuwa anakunywa kahawa.

"Tuire, kuna barafu."

"Nimeendesha basi la tani nyingi kwenye barafu hiyo. Kunywa kahawa yako."

Alianguka mara moja, kwenye mteremko wa kituoni, kwa goti. Akainuka akitukana, na hakukuwa na mtu wa kumpa pole, akaona heri. Ndani ya basi mwili wake ulizijua kona zote, na dereva alipochelewa kufunga breki kwenye mzunguko wa soko Tuire alifyonya kwa sauti.

Dukani kulikuwa na foleni. Alipofika kaunta, muuzaji, kijana mwenye sauti nyembamba aitwaye Otso, alimsalimu kwa uchangamfu, kisha akasita. "Mama, uko na mtu wa kukusaidia?"

"Wewe. Si ndiyo kazi yako?"

"Ndiyo, ndiyo. Samahani."

Tuire akaweka boksi juu ya kaunta. "Niliagiza bodi kwa jina langu, Pasanen. Jana ulimpa mume wangu hii. Kwa nini?"

"Aa, yule mzee! Ndiyo. Hili ni toleo zuri zaidi, mama, kwa bei ya chini. Na mwonekano wake... mume wako aliipenda sana. Taa zake zinapendeza."

"Zinampendeza nani?"

Otso alikohoa.

"Nakuuliza. Agizo lilikuwa la nani?"

"Lako."

"Kwenye agizo hilo hilo kulikuwa na RAM za aina mpya. Uliziweka wewe mwenyewe kwenye mfuko. Hii bodi inakula za zamani. Ukaziweka pamoja, ukampa mtu, ukasema karibu tena. Mimi nimejua kwa ukucha. Wewe una macho mawili na kompyuta mbele yako."

Alisikia vidole vya Otso vikigongagonga, kisha vikisimama. "Kweli," alisema kwa sauti ndogo. "Haziendani. Sikuangalia. Alisema ni zawadi kwa... alisema nichague ya kupendeza, nami nikataka kumfurahisha. Ni kosa langu, mama."

Tuire alikuwa amekuja na maneno mengine mengi, na mengine hayakuwa ya kusemwa mbele za watu. Lakini kijana hakubisha, na ni vigumu kumpiga mtu ambaye ameshalala chini. "Bodi yangu ipo?" aliuliza.

"Moja tu."

"Ilete. Na uifungue."

Mtu wa nyuma akaguna kwamba wengine nao wana kazi. Tuire akageuza kichwa. "Nami ninayo. Ndiyo maana nimekuja." Akavua glovu, akagusa kwanza chuma cha kaunta ili umeme tuli umtoke mwilini, kisha akapitisha kidole kwenye ukingo wa bodi mpaka kona ya chini. Kimoja, cha pili, cha tatu, cha nne. Akaomba RAM yoyote ya aina mpya, akailaza juu ya mfereji. Pengo likakaa juu ya kigingi kama limezaliwa hapo.

"Hii," alisema. "Na ile spika ndogo unayo?"

Otso alikwenda kuipekua stoo, akarudi nayo, akampa bure. Tuire aliipokea bila kushukuru. Baadaye, kwenye basi, alijisikia vibaya kidogo kwa hilo. Kidogo tu.

Nyumbani Raimo hakuwa amekwenda kazini. Alisikika sebuleni, na runinga imezimwa, jambo ambalo halikuwa kawaida. Tuire alipita bila neno, akatandika taulo upya, akaanza.

Prosesa ndiyo iliyomtisha. Kwenye soketi kuna vipini vyembamba kuliko unywele, vimesimama msitu mzima, na kidole kikivigusa vinalala na bodi imekwisha. Alinyanyua mkono wa chuma wa soketi. Alishika prosesa kwa kingo, akatafuta vijipengo viwili vya ubavuni kwa ncha za kucha, akaanza kuishusha, hajui kama anapumua au hapumui.

Ubao wa sakafu ulilia mlangoni.

"Ngoja," Raimo alisema. "Ngoja nikushikie, utavunja..."

Tuire aliganda, mikono ikiwa hewani. Hakuweza kupiga kelele, kwa kuwa mikono ingetikisika. Basi alisema taratibu, neno moja moja: "Raimo. Nikivunja, nimevunja mimi. Ukinigusa sasa hivi, naapa nitahama nyumba hii na bodi yangu kwapani."

Alisikia pumzi ya mumewe. Alisikia mguu mmoja ukisogea, halafu ukirudi. Kisha hatua zikarudi sebuleni, nzito, na sofa ikalia.

Prosesa ikatua. Haikusukumwa, ilitua tu kwa uzito wake, na alipoitikisa kwa kidole haikutikisika. Tuire alifunga mkono wa chuma, ukatoa ule mkwaruzo mbaya ambao Vilppu alimwonya asiuogope, na akauogopa vilevile.

Mengine yalikwenda kwa jasho. Skrubu moja ilidondoka chini ya jiko, na aliitafuta kwa magoti, lile lililoumia asubuhi likimkumbusha mteremko wa kituoni. Alipomaliza akaunga skrini ya zamani, kwa ajili ya mashine wala si kwa ajili yake, akabonyeza kitufe cha kuwasha.

Feni zikazunguka. Kisha ukaja mlio mrefu, ukakatika, ukaja tena. Mtu mwingine angekata tamaa. Tuire alitabasamu. Ilikuwa inaongea naye! RAM. Akazima, akavichomoa vijiti, akavirudisha na kuvikandamiza mpaka kila kimoja kikasema *kliki*, sauti ambayo mara ya kwanza kimoja hakikuisema naye hakuwa makini. Akabonyeza tena. *Pii*, fupi, moja.

Akampigia Vilppu. "Imelia mara moja!"

"Hongera, bibi. Funika kasha, tuweke programu."

Akachukua ubavu wa kasha, akauegesha, akausukuma. Haukufunga. Akausukuma upande mwingine. Akapapasa ndani kutafuta kinachozuia, na vidole vikapanda kwenye kipoza, kile kikubwa, kile kimya, vikapanda juu zaidi, mpaka kwenye ncha za mabomba yake ya shaba, zilizochungulia nje ya kasha kwa upana wa kidole.

"Umenyamaza," Vilppu alisema.

"Kipoza ni kirefu."

"Nilikuuliza kama umepima."

"Najua uliniuliza!"

"Ukaniambia nisikufundishe kusoma."

"Najua nilichosema, Vilppu, nina masikio!" Akakata simu, akaubwaga ubavu wa kasha sakafuni, ukapiga kelele kama sufuria zimeanguka. Alikuwa na hasira ya kuweza kuuma meza. Jana na leo alikuwa amewafokea watu wawili kwa kutoangalia, na huyu wa tatu alikuwa ndani ya ngozi yake.

Raimo hakuja. Kelele zote zile, na hakuja. Tuire alisubiri, akajikuta anasubiri, akajichukia kwa kusubiri. Mwishowe yeye ndiye aliyekwenda mpaka mlango wa sebule.

"Umesikia?"

"Nimesikia," Raimo alisema.

"Mbona hukuja?"

"Tuire," Raimo alisema, na sasa alikuwa amekasirika waziwazi, kwa mara ya kwanza kwa miaka mitatu, "niambie kitu kimoja. Nije au nisije? Maana mimi naona nikija ni kosa, nisipokuja ni kosa. Niandikie basi, kwa herufi kubwa, nibandike kwenye friji!"

Tuire alifungua mdomo ajibu, ikatoka sauti ya ajabu, nusu kilio nusu kicheko. Si kwamba hasira ziliisha. Ila ilikuwa imepita miaka mitatu bila mtu kumfokea, na alikuwa amesahau inavyokuwa kufokewa na mtu anayekuhesabu kuwa unaweza kujibu.

"Nimekosea," alisema. "Kipoza hakiingii kwenye kasha. Nilichagua mimi, sikupima. Ni kosa langu, na usiniambie si kitu."

"Sisemi."

"Na usinirekebishie."

"Sigusi."

"Haya."

"Haya," Raimo alisema. Kisha akaongeza, "Ni kikubwa kiasi gani hicho kipoza?"

"Njoo ushike. Kwa kidole kimoja."

Alikuja, akashika kwa kidole kimoja, akasema, "Duh," kama fundi anavyosema bomba likiwa la kipimo kingine, na hakusema zaidi. Mashine ikafanya kazi siku kadhaa ubavu ukiwa wazi. Sauti ya kusoma skrini ilitoka ndani yake haraka na safi, majina ya dawa yakipita yote mazima, na feni haikusikika hata ukiiwekea sikio. Nguo hazikutandikwa tena kitandani. Siku ya pili Tuire alitoka na soksi zisizofanana, jirani mmoja akamwambia, naye akamjibu kwamba ni zake zote mbili.

Wiki iliyofuata alikata kauli. Kipoza kitabaki, kasha ndilo litakaloondoka. Alipima upana wa kasha jipya kwa utepe wenye alama za kupapasa, akapima tena, akampigia Vilppu akamsomea namba kabla hajaulizwa. Lakini kasha lile lilikuwa kubwa kama mbwa mnene, na huko nje barafu ilikuwa haijaondoka.

"Raimo," alisema asubuhi. "Nahitaji mtu wa kubeba."

Kijiko kilisimama ndani ya kikombe. "Unaniomba?"

"Nakuomba. Utabeba kasha. Na tukifika pale, utanyamaza."

"Na akiniuliza mimi?"

"Hapo ndipo utakaponyamaza zaidi."

Otso aliwatambua tangu mlangoni. Akawasalimu wote wawili, akauliza kilichowaleta, na Tuire alijua kwa jinsi sauti ilivyopita juu ya kichwa chake kwamba swali lilikuwa limeelekezwa kwa yule mrefu. Alisubiri. Raimo alikuwa amesimama kando yake, ananuka sabuni na kahawa, hasemi kitu. Alinyamaza kwa muda mrefu mpaka ikawa aibu kwa kila mtu.

"Mimi mbebaji tu," hatimaye Raimo alinung'unika. "Usiniulize mimi, kijana. Utanigombanisha."

Tuire alimpiga kiwiko cha mbavu, na hakukipiga polepole. Kisha akaegemea kaunta, akaanza kueleza anachotaka.